Mbunge wa Usiku wa Hola: Enoch Powell na Wakenya



Ukitoka Garsen kwenda Garissa kwa kufuata mto Tana, utapita Hola. Leo Hola ni makao makuu ya kaunti ya Tana River, mji wa Wapokomo na Waorma, una misikiti yake, soko lake na mashamba ya kunyunyiziwa maji. Kijana wa siku hizi akisikia jina hilo hukumbuka joto na mafuriko, basi. Kwa wazee jina lina uzito mwingine. Baada ya futari, mkikaa barazani na babu, hebu muulizeni habari za Hola ya 1959. Huenda akanyamaza kidogo kwanza.

Makala hii inaanzia Hola lakini haikai Hola. Inamhusu mbunge mmoja wa Uingereza, Mhafidhina wa kutupwa, aliyekaa katika Bunge la Commons karibu miaka 37. Jina lake Enoch Powell. Huko kwao ukimtaja hata leo watu hugawanyika papo hapo: wako wanaomwona baba wa ubaguzi wa rangi, na wako wanaoapa kuwa aliona mbali kuliko wenzake wote. Kwetu Kenya jina lake linaingia mara mbili, na mara hizo mbili hazifanani hata chembe. Mara ya kwanza, 1959, alisimama usiku wa manane kuwatetea mahabusi weusi waliopigwa mpaka wakafa Hola. Mara ya pili, 1968, alikuwa mstari wa mbele wa wale waliotaka mlango ufungwe mbele ya Wahindi wa Kenya, Waislamu kwa Wahindu, waliokuwa na pasipoti za Uingereza mkononi.

Ni bwana yule yule. Sasa ilikuwaje?

KIJANA ALIYETAKA KUITAWALA INDIA

John Enoch Powell alizaliwa Birmingham tarehe 16 Juni 1912, mtoto wa pekee wa baba na mama walimu. Kigiriki cha kale alianza kufundishwa nyumbani na mama yake. Alisoma Chuo cha Trinity, Cambridge, na alipokuwa na umri wa miaka 25 tu alikuwa tayari profesa wa Kigiriki katika Chuo Kikuu cha Sydney, Australia. Vita vya Pili vilipozuka 1939 aliutupa uprofesa, akarudi kwao, akajiandikisha jeshini kama askari asiye na cheo chochote. Vita vilipokwisha alikuwa brigedia. Kazi yake ilikuwa ujasusi wa kijeshi, akipelekwa Cairo, kisha Algiers, kisha Delhi.

Delhi ndiko moyo wake ulikozama. Aliipenda India mapenzi ya ajabu. Kiurdu alijifunza mpaka akafaulu mtihani wa ukalimani, na ndoto yake, wala hakuificha, ilikuwa siku moja yeye awe ndiye gavana mkuu wa Mfalme katika nchi ile. Siasa aliingia kwa ajili hiyo. Lakini wapi! Mapema 1947 serikali ya Attlee ilitangaza kuwa Uingereza itaondoka India, na Powell mwenyewe alisimulia baadaye kwamba usiku ule alizurura katika mitaa ya London mpaka kukapambazuka.

Tusilipite jambo hili haraka, maana ndilo lililomjenga. Wenzake wengi katika chama waliendelea kujidanganya miaka kumi na zaidi kuwa himaya bado ipo. Yeye alihuzunika, kisha akakata shauri: himaya imekufa, na iliyobaki ni Uingereza peke yake, kisiwa na watu wake na bunge lao. Kuanzia hapo kila hoja yake ilipimwa kwa mizani hiyo moja. Nani yumo ndani ya taifa hili, na nani hayumo? Aliyemo tunawajibika kwake mpaka tone la mwisho. Asiyekuwemo, samahani, ana kwao.

Februari 1950 alichaguliwa mbunge wa Wolverhampton South West kwa chama cha Conservative, akimshinda mpinzani wake kwa kura 691 tu. Ni mji wa viwanda, na viwanda vilikuwa na njaa ya wafanyakazi. Wakaja watu kutoka Jamaica, kutoka Punjab, kutoka Pakistan. Wale waliojua Kiurdu walipomwendea na shida zao, mbunge wao aliweza kuzungumza nao kwa lugha hiyo. Na mwaka 1964 aliandika katika gazeti la mji huo kwamba hatakubali kamwe raia mmoja wa nchi atofautishwe na mwingine kwa sababu ya asili yake. Liwekeni akilini, tutalirudia.

Uwaziri nao aliupata, ingawa hakuwa mtu wa kuung'ang'ania. Januari 1958 alijiuzulu Hazina pamoja na waziri wake kwa kupinga matumizi makubwa ya serikali. Akarudi 1960 kuwa Waziri wa Afya. 1963 akakataa tena kazi, safari hii kwa kuwa hakuridhika na namna waziri mkuu mpya alivyopatikana. Mtu wa kuacha gari na mshahara wa uwaziri kwa ajili ya hoja si wa kila siku, hapa kwetu wala huko kwao. Hilo adui zake pia walimpa.

TAREHE 3 MACHI 1959

Hali ya Hatari ilitangazwa Kenya Oktoba 1952 na Gavana Evelyn Baring, ili kuwavunja Mau Mau. Maelfu kwa maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, walitiwa kizuizini bila kesi. Walipangwa kwa ngazi kulingana na ukaidi wao: anayekiri kiapo na kukubali kazi anasogezwa karibu na nyumbani, anayekataa anasukumwa mbali zaidi. Hola, katika ukame wa Tana, ilikuwa mwisho wa safari. Huko waliwekwa wale ambao mkoloni alikata tamaa nao.

Kazi iliyotakiwa ilikuwa kuchimba mifereji ya mradi wa umwagiliaji maji. Mahabusi hawa walikataa. Walisema wao si wafungwa, hawajahukumiwa na mahakama yoyote, na kwa hiyo hawafanyi kazi ya mfungwa. Ofisa mmoja mkuu wa magereza, John Cowan, akaandika mpango: wapelekwe shambani kwa vikundi chini ya askari wengi, na wakigoma walazimishwe kwa nguvu. Mpango ukapanda ngazi mpaka kwa mawaziri wa serikali ya Kenya, ukapitishwa. Hakuna aliyejiuliza, au kama alijiuliza hakusema, mtu aliyekataa kwa miaka atalazimishwa namna gani kushika jembe isipokuwa kwa rungu.

Asubuhi ya tarehe 3 Machi 1959 wanaume zaidi ya 80 walitolewa nje. Mpaka mambo yalipotulia, walikufa au walikuwa katika kufa watu 11. Waliobaki walijeruhiwa vibaya, wengine wakabaki na ulemavu wa maisha.

Serikali ya Nairobi ikatoa taarifa. Ikasema watu kumi wamefariki Hola, na kwamba vifo vilitokea baada ya wao kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Ndugu zangu, someni tena sentensi hiyo. Haisemi maji yaliwaua. Inasema walikunywa maji, kisha wakafa. Ukweli mdogo umewekwa mbele ili uongo mkubwa upite nyuma yake. Lakini maiti hazikuweza kufichwa, na hakimu aliyetoka Mombasa kuchunguza vifo hivyo, W. H. Goudie, alithibitisha kuwa watu wale walikufa kwa majeraha ya kupigwa.

Na nani alishtakiwa? Hakuna. Mkuu wa kambi aliondolewa kazini bila kunyimwa kiinua mgongo chake. Wakubwa waliopitisha mpango walikaa pale pale.

USIKU WA JULAI, LONDON

Habari zikafika Bunge la Uingereza. Chama cha Labour, na hasa mbunge mama Barbara Castle, hakikuliachilia jambo hili. Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, alitaka kujiuzulu, lakini Waziri Mkuu Harold Macmillan hakutaka, maana uchaguzi ulikuwa miezi michache mbele. Hesabu ya serikali ilikuwa rahisi: mjadala uwekwe mwisho kabisa, siku za kufunga bunge, usiku, watu wakiwa wamechoka. Ukaanza usiku wa tarehe 27 Julai 1959.

Baadhi ya Wahafidhina walipotetea serikali walitumia hoja ambayo mpaka leo inachefua roho: kwamba watu wale walikuwa wauaji, wamekula viapo vya kutisha, ni kama si binadamu kamili, kwa hivyo kifo chao kisipimwe kama kifo cha mtu mwingine.

Saa saba na robo za usiku, tarehe 28 tayari, akasimama Powell, kutoka upande ule ule wa serikali. Wakati huo hakuwa waziri. Kijana wa chama aliyetaka kurudi madarakani angekwenda zake kulala.

Hakupiga kelele. Alianza kuifuatilia njia ya uamuzi, hatua kwa hatua, kama mwalimu anayesahihisha tafsiri ya mwanafunzi. Akaonyesha kuwa mkuu wa kambi na naibu wake hawakubuni mpango ule, waliupokea. Kwa hivyo kuwaadhibu wao tu ni kutafuta wa kutupiwa lawama. Wajibu unapanda juu, mpaka kwa wale katika serikali ya Kenya walioupitisha, na wao ndio wa kuubeba. Waziri Lennox-Boyd mwenyewe alimsifu kwa kazi yake, lakini akamtaka ahakikishe wajibu huo unabebwa.

Kisha akageukia hoja ya kuwa waliokufa walikuwa watu duni. Akasema ni mafundisho ya kutisha mtu kusimama kumhukumu binadamu mwenzake, aseme kwa kuwa huyu alikuwa hivi na hivi, basi matokeo ambayo yangefuata kifo cha mtu mwingine yasifuate kifo chake. Na kwa wale waliosema Afrika ni Afrika, mambo yake ni mengine, alijibu kuwa haiwezekani kuchagua wapi tutumie kipimo kipi: kimoja kwa Afrika, kingine kwa Asia, na cha tatu, pengine, nyumbani. Pale ambapo bado tunatawala na kuamua, akasema, ni lazima tuwe sawa kila mahali. Na hasa Afrika hatuna ruhusa ya kushuka chini ya kiwango chetu cha juu kabisa katika kukubali wajibu.

Denis Healey wa chama cha Labour, ambaye hakukosa hotuba nyingi katika maisha yake marefu ya ubunge, aliandika baadaye kuwa ile ilikuwa hotuba kubwa kuliko zote alizozisikia bungeni.

Je, ilileta nini? Papo hapo, hakuna. Hakuna waziri aliyeondoka usiku ule. Lakini uchaguzi ulipokwisha Oktoba, Macmillan alimteua Waziri mpya wa Makoloni, Iain Macleod, rafiki wa Powell wa tangu walipofanya kazi pamoja katika idara ya utafiti ya chama baada ya vita. Macleod alisema wazi kuwa Hola ilimsadikisha kwamba hakuna njia nyingine ila kuharakisha uhuru. Januari 1960 Hali ya Hatari ikaisha, na mwezi huo huo wajumbe wa Kenya wakakaa Lancaster House, London. Hola yenyewe ilibadilishwa jina ikaitwa Galole, kana kwamba jina ndilo lililoua. Baadaye jina la Hola likarudi. Galole nalo lipo bado, ni jina la eneo bunge.

MLANGO WA LONDON

Sasa tuje upande wa pili, maana hapa ndipo wengi wetu tuna jamaa, majirani au wenye maduka tuliokua nao.

Uhuru ulipokuja tarehe 12 Disemba 1963, Wahindi wa Kenya walipewa miaka miwili kuamua kuomba uraia wa Kenya. Aga Khan aliwashauri Maismailia wachukue uraia wa nchi wanazoishi, na wengi walifanya hivyo. Lakini katika jamii zote, Wapunjabi Waislamu, Mabohora, Maithnaasheri, Wahindu, Masingasinga, wako waliosita na kubaki na pasipoti za Uingereza. Waliambiwa pasipoti hiyo ni ya serikali ya London yenyewe, si ya koloni. Waliiamini. Ilikuwa ndiyo amana yao.

Tuwe waadilifu, shida ilianzia hapa kwetu. Mwaka 1967 serikali ya Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizombana asiye raia. Mtu aliyezaliwa Mombasa, baba yake kazaliwa Mombasa, akatakiwa kibali cha kufanya kazi kama mgeni aliyeshuka jana. Familia zikaanza kufunga masanduku. Uwanja wa ndege wa Embakasi ukajaa watu wanaoagana.

London ikaingiwa na hofu. Duncan Sandys, Mhafidhina ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa Waziri wa Makoloni Kenya ilipopata uhuru, akaongoza kampeni ya kuwazuia. Powell alikuwa pamoja naye, na Februari 1968 alitoa hotuba mjini Walsall kuhusu jambo hilo. Serikali ilikuwa ya Labour, na waziri wake wa mambo ya ndani, James Callaghan, alikimbia mbio kuliko hata Wahafidhina walivyoomba. Mswada uliingia na kutoka Commons ndani ya siku chache, ukawa sheria tarehe 1 Machi 1968. Mwenye pasipoti ya Uingereza sasa hakuweza kuingia Uingereza ila yeye, au mzazi wake, au babu au bibi yake, awe na asili ya huko. Kwa lugha nyepesi: mzungu wa Nanyuki apite, Mhindi wa Ngara asubiri. Zikatengwa vocha 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Waliojaribu bila vocha walirushwa kutoka uwanja mmoja wa ndege hadi mwingine kama mpira, hakuna nchi inayowapokea.

Na Macleod, yule rafiki? Alipiga kura kupinga. Alisema ahadi ilitolewa kwa watu hawa, naye alikuwa mmoja wa walioitoa. Urafiki ukafa.

Mnamo tarehe 20 Aprili 1968, wiki saba tu baada ya sheria ile, Powell alihutubia mkutano wa chama katika hoteli moja ya Birmingham. Ndiyo ile hotuba inayojulikana kama ya mito ya damu, ingawa maneno hayo hasa hayamo. Alichukua taswira ya mshairi wa Kirumi Virgil, ya mto Tiber unaotoka povu la damu, akasema na yeye anaona kitu kama hicho kinakuja. Alitaka uhamiaji ukomeshwe na waliokwishaingia watiwe moyo warudi makwao. Akapinga mswada wa kuzuia ubaguzi katika nyumba na kazi. Akasimulia habari ya kikongwe mmoja wa kizungu anayesumbuliwa na majirani weusi, aliyoipata, alisema, katika barua. Waandishi walimtafuta bibi huyo na hawakumpata.

Kiongozi wa chama, Edward Heath, alimfukuza kesho yake katika safu ya wasemaji wake, ambamo alikuwa akishughulikia ulinzi. Lakini makuli wa bandari ya London waliandamana mpaka bungeni kumuunga mkono, na wachukuzi wa nyama wa soko la Smithfield nao wakafuata. Barua zikamiminika kwa magunia, zaidi ya laki moja, nyingi sana za kumpongeza. Huko Wolverhampton, siku chache baadaye, familia moja ya Kikaribia iliyokuwa katika sherehe ya ubatizo ilivamiwa na vijana wa kizungu wakilitaja jina la Powell, na mzee mmoja akakatwa kwa kisu. Watu waliokuwa wakipanda basi bila wasiwasi wakaanza kuangalia nyuma.

Yeye alijitetea mpaka mwisho kuwa hakumtukana mtu, alisema tu idadi. Mimi sioni utetezi huo ukisimama. Mtu aliyeijua lugha kama yeye, aliyezichambua tungo za Kigiriki herufi kwa herufi, hawezi kusema hakujua neno damu litafanya nini likitupwa mtaani.

MIZANI YAKE MWENYEWE

Wako wanaosema Powell wa 1959 na wa 1968 ni watu wawili, kwamba alibadilika, au aliona kura. Nadhani hawamsomi vizuri. Rudini kwenye hotuba ya Hola. Hakusema Mau Mau wana haki ya uhuru. Hakusema Mwafrika na Mwingereza ni ndugu. Alisema: mahali tunapotawala sisi, mtu akifa mikononi mwa serikali yetu, ni juu yetu. Alikuwa akilinda jina la utawala wa Kiingereza, na waliofaidika safari hiyo ni watu 11 wa mlima Kenya waliolala kaburini Tana. Kwa hoja hiyo hiyo, himaya ikishaondoka, deni limekwisha. Hata uzeeni alikuwa vivyo hivyo: 1990, Iraq ilipoivamia Kuwait, aliandika kupinga Uingereza isiingie vitani, kwa kuwa dunia imejaa watu waovu na Uingereza si polisi wao.

Ukielewa hivyo, mambo yake mengi yanapangika. Ila moja halipangiki, na ndilo linalotuhusu sisi.

Yule fundi wa Kipunjabi wa Nairobi, yule muuza nguo wa Biashara Street, hakuwa mtu wa nje kwa sheria ya Uingereza. Alikuwa raia wake. Pasipoti yake ilitolewa kwa jina la Malkia yule yule ambaye Powell alikuwa tayari kumfia vitani. Serikali yake hakuwa nayo nyingine. Ikiwa mahabusi asiye na kura, aliyekula kiapo cha kumtoa Mwingereza Kenya, alistahili kipimo cha juu kabisa cha wajibu wa Uingereza, basi huyu mwenye pasipoti alistahili zaidi. Powell wa Hola alipaswa kusimama na Macleod. Na yule mbunge aliyeandika 1964 kuwa raia hatatofautishwa kwa asili yake, sheria ya 1968 ilifanya hicho hicho kwa maandishi, kwa kuuliza babu yako alizaliwa wapi. Hapo si suala la mantiki kali tena. Hapo mantiki ilimshinda, akaiacha, akafuata rangi.

Wala si mimi peke yangu ninayesema hivyo. Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliposikiliza malalamiko ya Wahindi wa Afrika Mashariki, ilifikia uamuzi mwaka 1973 kuwa ubaguzi wa rangi katika sheria ile ya 1968 ulikuwa ni kuwadhalilisha watu.

YALIYOFUATA

Idi Amin alipowafukuza Wahindi wa Uganda 1972, Powell alipinga tena wasipokelewe. Heath, ambaye sasa alikuwa waziri mkuu, aliwapokea, takriban watu 28,000. Wawili hao hawakupatana tena. Februari 1974 Powell aliacha kugombea kwa chama chake na, jambo la kushangaza, akawashauri wapiga kura waipigie Labour, kwa sababu Heath aliiingiza nchi katika Jumuiya ya Ulaya bila idhini ya watu. Oktoba mwaka huo akarudi bungeni kwa tiketi ya chama cha Ulster Unionist, jimbo la South Down, Ireland ya Kaskazini, akakaa huko mpaka aliposhindwa 1987 kwa kura 731. Alianza na 691, akamaliza na 731. Kiti katika Bunge la Lords alikikataa, maana aliwahi kupinga sheria inayotoa viti hivyo. Alifariki tarehe 8 Februari 1998 akiwa na miaka 85, akazikwa Warwick na sare yake ya brigedia.

Wale aliosema warudi makwao walibaki, na watoto wao wakasoma. Rishi Sunak, ambaye baba yake alizaliwa Nairobi na mama yake Tanganyika, aliongoza chama kile kile cha Powell na kuwa waziri mkuu kuanzia Oktoba 2022 hadi Julai 2024. Waziri wake wa mambo ya ndani mpaka Novemba 2023, Suella Braverman, ni binti wa mtu aliyeingia Uingereza kutoka Kenya Februari 1968, siku chache kabla ya mlango kufungwa, na yeye mwenyewe alipopata wizara hiyo akawa mkali juu ya wahamiaji kuliko wengi. Huko Scotland, Humza Yousaf, ambaye mama yake alizaliwa Kenya katika familia ya Kipunjabi ya Kiislamu, alikuwa kiongozi wa serikali kuanzia Machi 2023 hadi Mei 2024, Mwislamu wa kwanza kufika hapo.

Na Hola? Tarehe 6 Juni 2013, katika bunge lile lile, Waziri wa Mambo ya Nje William Hague alisimama kusema kuwa Uingereza inajutia mateso yaliyofanyika Kenya, na kwamba watalipwa wazee 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Kabla ya hapo serikali yake ilipigana na wazee hao mahakamani miaka minne, na mojawapo ya hoja zake za mwanzo ilikuwa kwamba wajibu, kama upo, ulihamia kwa serikali ya Kenya siku ya uhuru. Mmoja wa walalamikaji alikuwa mzee aliyepigwa Hola siku ile ya Machi mpaka akazimia, akadhaniwa kafa, akatupwa pamoja na maiti. Alizinduka. Akaishi miaka hamsini na zaidi, akapanda ndege mpaka London, akamweleza jaji.